Sauti ya Kukodi

Mzee Lala hakuwa mzee alipopewa jina hilo. Alikuwa kijana fundi wa magodoro, mwenye mke mmoja, cherehani moja na kibaraza cha kupanga, na kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kumlipa mtangazaji, alikwenda mwenyewe redioni akasema maneno aliyoyatunga njiani. "Umechoka, mwenzangu. Weka mzigo chini. Lala." Jina la biashara alilitaja mara moja tu, mwishoni kabisa, kama mtu aliyekwisha kuaga akakumbuka kitu akiwa mlangoni. Fundi mitambo aliyemrekodi alimwambia kwa upole kwamba tangazo la namna hiyo haliuzi hata kiberiti.

Liliuza. Ile sauti ilikuwa nzito na ya chini, yenye mkwaruzo kidogo, na haikuwa na haraka. Ilipopita redioni jioni, kina mama waliwaambia watoto wao kwamba Mzee Lala keshasema, kila mtu kitandani. Watu walimsimamisha sokoni wakamwomba aseme lile neno moja tu, naye akalisema, wakacheka, wakaenda zao. Kibaraza kikawa banda, banda likawa kiwanda chenye mashine ya kukatia sponji, na malori yakaanza kupeleka magodoro kwenye miji ambayo yeye na mkewe hawajawahi kuikanyaga.

Mkewe, ambaye mafundi walimwita Mama Magodoro, ndiye aliyekiendesha kiwanda. Alinunua vitambaa na gundi, akaajiri, akafukuza, akagombana na madereva. Walikuwa wamegawana kazi bila kukaa kikao: yeye alisemea ndani, mumewe alisemea nje. Na nyumbani mke alikuwa na ile sauti kwa matumizi yake mwenyewe. Alizoea kuoga akiwa ameacha mlango wazi kidogo, ili amsikie mumewe akiongea na simu sebuleni. Hakufuatilia maneno. Alikuwa anasikiliza tu mngurumo wake, kama mtu anayesikiliza mvua ikinyesha juu ya bati na yeye yuko ndani.

Ugonjwa ulianza kwa kukwama kwa sauti. Wakadhani ni vumbi la sponji. Alikunywa maji ya moto, akaramba asali, akanyamaza kwa muda kama alivyoshauriwa, na sauti ikazidi kukwaruza mpaka ikawa kama mtu anayevuta kabati kwenye sakafu ya saruji. Siku ya majibu, daktari aliwaita wote wawili, akafunga mlango, akakaa upande wao wa meza.

"Mzee, tunaweza kukuokoa wewe au tuiokoe sauti," alisema. "Vyote viwili hatuviwezi."

Mama Magodoro alijibu kabla mumewe hajafungua mdomo. Alisema wamwokoe yeye. Mumewe akageuka akamtazama, akatikisa kichwa kukubali, na hilo jambo hawakulizungumzia tena.

Alipona. Walikitoa kile kiungo kinachotengeneza sauti, wakamwachia tundu shingoni la kupitishia pumzi, akawa analifunika kwa kitambaa cheupe chepesi. Hospitali walimpa na kifaa kidogo cha kubana shingoni ili kimsaidie kusema. Alikijaribu mara moja, mezani, mbele ya mkewe na binti yao. Kikatoa sauti ya bati, sauti isiyo ya mwanamume wala mwanamke, ikisema "chumvi." Binti akainuka akaenda kuleta chumvi, akakawia sana jikoni. Kile kifaa kikaingia kwenye droo. Kuanzia hapo Mzee Lala aliandika kwenye simu, kwa herufi kubwa, akamgeuzia mtu kioo asome. Akitaka kumwita mtu aliye chumba kingine, alipiga makofi.

Kwa muda biashara haikuhisi kitu. Matangazo ya zamani yaliendelea kupita redioni, kwa kuwa redio haijui kama mtu ni mgonjwa. Lakini yale matangazo yalitaja duka lililokwisha kufungwa na magodoro ambayo hayatengenezwi tena, na kampuni nyingine ya magodoro ikaingia sokoni na mabango mapya kila kona. Kisha uvumi ukaanza. Mawakala walipiga simu wakiuliza kwa kuzungukazunguka kama ni kweli Mzee amefariki na familia inaficha. Mmoja aliuliza bila aibu kama si dhambi kuuzia watu magodoro kwa sauti ya marehemu.

Binti yao, mtoto wao wa pekee, ambaye ndiye aliyekuwa mhasibu wa kiwanda, alisema wanahitaji meneja wa chapa.

"Chapa?" mama yake akauliza. "Sisi tuna ng'ombe?"

Binti alicheka, ndipo akamweleza. Ni mtu ambaye kazi yake ni kulitunza jina la biashara: watu wanalisikiaje, wanaliona wapi, wanalipenda kwa nini. Kiwanda kimekua, alisema, na jina limebaki halina mwenyewe. Mama yake alitaka kusema kwamba mwenyewe yupo, yuko nyumbani anamwagilia maua.

Usaili ulifanyika katika ofisi iliyo juu ya chumba cha kukatia sponji, ambako sakafu ilitetemeka kila kisu cha mashine kiliposhuka. Mzee Lala alisisitiza awepo. Alivaa koti lake la sherehe, akafunga kitambaa kipya shingoni, akakaa mwisho wa meza na simu yake mkononi.

Wa kwanza alikuwa mama aliyewahi kufanya kazi kwenye kampuni ya sabuni. Alitaka rangi zote zibadilishwe, hata za malori. Wa pili alikuwa mtu mwenye vyeti vingi, ila kila alipomgeukia Mzee Lala alipaza sauti na kuvuta maneno, kana kwamba kutosema na kutosikia ni ugonjwa mmoja. Wa tatu alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye viatu vilivyong'arishwa mpaka ngozi imechoka. Alimsalimia Mzee kwa mikono miwili. Walipomwambia aulize swali kama analo, alimgeukia yeye, siyo mama wala binti.

"Mzee wangu, shikamoo tena. Yale maneno ya kwanza ya redioni, ulipokuwa unayasema, ulikuwa unamwambia nani?"

Mzee Lala aliinama juu ya simu. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Yule kijana alingoja. Hakuangalia saa, hakuangalia pembeni, wala hakujichekesha kama wafanyavyo watu wanaongoja. Mwishowe Mzee akamgeuzia kioo, na Mama Magodoro akachungulia akasoma naye. Alikuwa ameandika kwamba alikuwa anamwambia mke wake, ambaye wakati ule alikuwa na mimba na miguu imemvimba, na hakubali kuiacha cherehani.

Mama Magodoro hakuwa anajua hilo. Miaka yote ile alidhani ni maneno ya wateja. Mzee Lala akapiga meza kwa kiganja chake, pigo moja, akimtazama kijana. Huyo ndiye.

Mafundi walimbatiza Bwana Chapa kabla hajamaliza juma la kwanza, naye akaliitikia jina hilo. Hakukaa ofisini. Alipanda malori akaenda na magodoro hadi yanakouzwa, akashinda madukani akiangalia watu wanavyonunua. Aliporudi aliwaeleza kwamba mteja huliminya godoro kwa mkono, hunusa kitambaa, huuliza bei, na kabla ya kutoa hela huuliza kama hili ndilo la Mzee Lala. Halafu huuliza kama ni kweli yuko hai. Magodoro ni mazuri, alisema, lakini hata ya wenzetu ni mazuri. Watu wananunua ile sauti.

Ushauri wake wa kwanza ulikuwa kusema kweli. Wachukue picha ya Mzee akiwa na kitambaa chake shingoni, wawaambie watu kwamba aliugua, amepona, hawezi tena kuwaambia walale ila yupo na anawatakia usingizi mwema. Alisema watu wangempenda zaidi. Binti alisitasita. Mama Magodoro alikataa katakata. Hakutaka mumewe ahurumiwe na nchi nzima. Hakutaka mtu amtazame yule mwanamume kwenye bango na kusema maskini.

Basi wakatafuta sauti nyingine. Walijaribu watangazaji wa kila aina, na wote walisikika kama watu wanaouza dawa ya mende. Hapo ndipo Bwana Chapa alipomkumbuka mshereheshaji mmoja wa harusi ambaye kwa miaka alikuwa akiwavunja watu mbavu kwa kumwigiza Mzee Lala. Akamtafuta, akamrekodi, akaja na ile rekodi kwa Mama Magodoro asubuhi moja ofisini, akaiweka simu juu ya meza, akabonyeza.

"Mvua imeanza, mwenzangu. Sikiliza inavyoanguka. Umefika nyumbani. Lala."

Mama Magodoro alishika ukingo wa meza. Kilichomshika si kwamba ile sauti ilifanana na ya mumewe. Alikuwa na rekodi za zamani, angeweza kuzisikiliza akitaka, na hakuwahi kutaka, maana alijua kila neno litakalofuata. Hii ilikuwa imesema maneno mapya. Mumewe alikuwa amesema kitu ambacho hajawahi kukisema.

Akaomba irudiwe. Akaomba tena. Kisha akamwambia Bwana Chapa aiache hapo, atamrudishia. Kijana alipotoka, Mama alifunga mlango, akaisikiliza peke yake huku sakafu ikitetemeka chini ya miguu yake, mpaka binti yake akabisha hodi akiwa na karatasi za kusaini.

Jioni ile Bwana Chapa alimwambia wazi kwamba hawezi kuipeleka redioni bila Mzee mwenyewe kukubali. Mama Magodoro akasema ataongea naye. Alikwenda nyumbani akamkuta mumewe anamenya chungwa, ganda likitoka refu bila kukatika, na akakaa karibu naye, na hakusema. Kesho yake vilevile. Aliogopa kwamba atakataa. Bwana Chapa alipouliza, alimwambia Mzee amekubali, tena amefurahi.

Tangazo lilipita jioni, wakiwa mezani. Redio ilikuwa juu ya friji, mahali pake pa siku zote. Mzee Lala alikuwa amenyanyua kijiko. Aliposikia "mwenzangu" alikishusha, akatabasamu kidogo, kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya ujana. Alidhani ni tangazo la zamani alilolisahau. Kisha ile sauti ikataja godoro jipya, lile lililotengenezwa yeye akiwa tayari na tundu shingoni. Tabasamu likabaki usoni halina kazi. Aliinuka, akaenda mpaka kwenye friji, akaweka kiganja juu ya redio akauhisi mtetemo. Mkono wa pili ulikwenda shingoni wenyewe.

Tangazo lilipokwisha akachukua simu. Aliandika akiuliza huyo ni nani.

Mama Magodoro akamweleza yote, isipokuwa lile la kwamba alidanganya amekubali. Alieleza upesi, kwa sauti ya kiwandani, akitaja mawakala na uvumi na ile kampuni nyingine. Mumewe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaandika neno moja, akamgeuzia kioo.

"Ananizidi."

Alisema si kweli. Akamshika mkono, naye akauacha mkono wake ushikwe.

Siku kadhaa baadaye Mzee Lala aliandika kwamba anataka kumwona huyo mtu. Mshereheshaji akaletwa nyumbani alasiri moja. Alikuwa mtu mfupi mwenye kitambi, na sauti yake mwenyewe ilikuwa nyembamba kama ya mtu aliyebanwa pua. Alikaa kwenye ukingo wa kochi, amejaa woga, akaanza kuomba radhi kwa harusi zote alizochekesha. Mzee Lala akampigia ishara ya mkono kwamba hilo si neno. Akaandika kitu kwenye simu, akampa.

Mshereheshaji alisoma kimya, akauliza kama asome kwa sauti ile. Mzee akakubali kwa kichwa. Mtu yule akajinyoosha, akashusha kidevu, na chumba kikajaa.

"Mke wangu, chai ya leo ina tangawizi nyingi."

Walicheka wote. Mama Magodoro alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaendelea kutokwa na machozi baada ya kicheko kwisha. Mzee akaandika tena, na tena. Alimwambia mkewe kwamba yale mapazia mapya hayapendi. Alimuuliza habari za fundi cherehani aliyejifungua. Alimsimulia ndoto aliyoota hospitalini, ambayo kwa urefu wake hakuwahi kumwandikia mtu, akaiandika kipande kwa kipande. Jua lilipotua walikuwa bado wamekaa, na walipoagana Mzee mwenyewe aliandika kwamba mgeni arudi.

Alirudi. Ikawa desturi ya alasiri. Mama Magodoro alianza kutoka kiwandani mapema, jambo ambalo hakuna fundi aliyewahi kuliona, na njiani alijikuta akikaza mwendo. Alibadilisha kitambaa cha kichwani kabla ya kuingia sebuleni. Ungemuuliza, angekwambia amemrudia mumewe. Binti yao alikuja siku moja akakaa nao, akaondoka kabla chai haijaisha, na kesho yake ofisini hakumtazama mama yake machoni. Alisema tu kwamba baba amekonda. Mama yake akajibu kwamba ni dawa.

Ilikuwa alasiri kama zile nyingine. Mshereheshaji alikuwa kwenye kochi, amekwisha kuzoea, ameegemea mto. Mzee Lala alikuwa kwenye kiti chake, pembeni kidogo, akiandika. Mama Magodoro alikuwa ameketi mbele ya kochi na kikombe mapajani, akingoja. Simu ikapita kutoka mkono hadi mkono. Mshereheshaji alikuwa amekwisha kuacha kusoma kimya kwanza. Alishusha kidevu, akasema kwa sauti ile nzito, isiyo na haraka, aliyoipenda yule mama tangu ujana wake:

"Mke wangu, mbona unamtazama yeye?"

Mshereheshaji alikuwa amekwisha kulisema ndipo akalielewa. Mama Magodoro aligundua kwamba macho yake yako kwenye midomo ya mgeni, na kwamba yamekuwa hapo tangu alasiri ya kwanza. Kiti cha mumewe kilikuwa mahali ambapo, ili amwone, ilimbidi ageuze kichwa. Akakigeuza. Mumewe alikuwa anamtazama bila hasira. Angemkuta na hasira, angejua la kufanya.

Mshereheshaji aliirudisha simu kwa mikono miwili, akasema kwa sauti yake ile nyembamba kwamba samahanini, akatoka bila kumaliza chai. Hakukanyaga tena nyumba ile.

Mama Magodoro aliomba radhi. Aliomba jioni ile, akaomba asubuhi, akapiga magoti kando ya kiti chake kama mwari. Alimwambia kwamba alikuwa anamsikiliza yeye, mumewe, siyo yule mtu. Mzee Lala akampapasa kichwa. Lakini simu aliiacha juu ya meza, na kuanzia hapo hakuandika tena. Akiulizwa kama anataka kula, alikula au hakula. Makofi nayo hakupiga. Daktari alimpima akasema mwili hauna tatizo. Binti alimnunulia simu nyingine, kubwa zaidi, na ikakaa ndani ya boksi lake.

Ndipo Mama Magodoro akamwita Bwana Chapa akamwambia matangazo yasimame. Ilibidi aeleze sababu, na katika kueleza ule uongo wake ukatoka. Chini, mashine ilikata sponji, ikakata tena.

"Mama, uliniambia amekubali."

"Nilikwambia hivyo."

"Mimi yule mzee ndiye aliyenichagua."

Ila kuyasimamisha matangazo kulikuwa kumekwisha kuwa kugumu. Magodoro yalikuwa yanatoka kuliko wakati wowote. Walikuwa wameongeza zamu nyingine ya mafundi, wengi wao kina mama wenye watoto, na tawi jipya lilikuwa limekwisha kupigwa lipu. Binti alisema, bila kumtazama mama yake, kwamba sauti ikinyamaza sasa uvumi utarudi mara mbili na hao kina mama ndio watakaorudishwa makwao kwanza. Alisema wamuulize baba. Akitaka isimame, isimame, na lolote liwe.

Bwana Chapa ndiye aliyekwenda. Alichuchumaa kando ya kiti cha Mzee, akamweleza kila kitu, pamoja na kosa lake yeye la kutokuja kumuuliza ana kwa ana. Kisha akampa simu, akangoja, kama alivyongoja siku ya usaili. Alingoja mpaka chai aliyowekewa ikaota utando juu. Mzee Lala alikuwa ameishika simu kwa sababu imewekwa mkononi mwake. Kioo kilizimika. Bwana Chapa akakiwasha, na kikazimika tena. Mwishowe akaichukua taratibu, akaiweka mezani, akaaga kwa mikono miwili. Jibu halikuja, na matangazo yakaendelea.

Aliandika barua ya kuacha kazi juma lile. Mama Magodoro hakumzuia, maana angemzuia kwa lipi. Wakatangaza nafasi upya, wakaajiri mwingine, mtu mchangamfu, mwenye miwani, ambaye alizikuta rekodi za mshereheshaji kwenye kabati akasema ni mali ya dhahabu. Hakuuliza zimetoka wapi. Hata usaili wake Mzee Lala hakuhudhuria.

Huyo meneja mpya ndiye aliyesema kwamba tawi jipya haliwezi kufunguliwa bila mwenye sauti kuonekana. Asimame tu jukwaani, apunge mkono, spika zitafanya kazi iliyobaki. Mama Magodoro alimpelekea mumewe habari hiyo akitumaini atakataa. Alitamani aone japo kichwa kikitikiswa. Asubuhi ya sherehe alimkuta amevaa koti lake la sherehe, ameketi ukingoni mwa kitanda, anangoja kupelekwa.

Watu walikuwa wengi. Mzee Lala alipandishwa jukwaani kitambaa kikiwa kimefichwa chini ya kola, akainua mkono alipoambiwa. Spika zikasema, "Nimefurahi kuwaona, wenzangu." Watu walipiga vigelegele. Mshereheshaji, aliyekodiwa na meneja mpya, alikuwa ndani ya gari lililoegeshwa nyuma ya jengo, vioo vimepandishwa, na kipaza sauti mkononi. Alikuwa ameomba mwenyewe akae huko, asionane na mtu.

Baada ya utepe kukatwa, mwanamke mmoja wa makamo alipenya hadi kwa Mzee, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Baba, mume wangu aliugua muda mrefu," alisema. "Alikuwa halali mpaka akusikie redioni. Siku aliyokufa alikusikia. Nimetoka mbali kuja kukushukuru. Sema nami neno moja tu, nikawaambie watoto."

Meneja mpya aliharakisha kumwambia kwamba Mzee ana mafua, sauti imepumzishwa. Yule mwanamke akasema si kitu, atangoja. Akabaki pale pale, ameushika ule mkono, anatabasamu.

Mama Magodoro alikuwa karibu nao. Alitaka kumvuta yule mama pembeni amweleze kweli, ile kweli ambayo Bwana Chapa alitaka isemwe tangu mwanzo. Akafungua mdomo. Aliona mabango, aliona mafundi wake wamevaa fulana mpya, aliona binti yake anasalimiana na mawakala, na akaufunga. Mzee Lala aliutoa mkono wake polepole kutoka kwenye mikono ya yule mwanamke. Akateremka kutoka jukwaani peke yake, akavuka kati ya watu waliompigia makofi, akaingia kwenye gari lao akafunga mlango.

Hapo spika zikakoroma, kisha zikaanza tena. Mshereheshaji, ambaye kutoka alipokuwa haoni chochote, aliendelea na maneno aliyoandikiwa. Aliwashukuru watu kwa kufika. Akawaambia wameifanya kazi ngumu mwaka mzima, wanastahili kupumzika. Yule mwanamke aligeuka kutoka upande wa gari, akaelekeza uso wake kwenye spika, akaridhika, machozi yakimtiririka.

Mama Magodoro alijua kwamba anapaswa kwenda garini. Mumewe alikuwa anaonekana kupitia kioo, ametazama mbele, amenyooka kama mtu aliyekaa ofisini kwa daktari. Hatua zilikuwa chache tu. Akasimama pale pale katikati ya watu, mkoba wake mkononi, akasikiliza mpaka mwisho.